Utepe wa Meno wa Sieglinde

Tangu Septemba karakana ya klabu ya ndege ya Dürrenhau ina utulivu ambao wanachama waliuomba kwa miaka mingi, na sasa wameupata hawajui waufanyie nini. Hakuna anayefoka. Mtu anaweza kuingia na viatu vyenye matope, akaegemeza kiwiko juu ya bawa, akaweka kikombe cha kahawa mahali pasipowekwa kikombe, na hakuna sauti inayotoka chini ya bawa lile, mahali ambapo kwa miaka thelathini na nane palitokeza miguu miwili iliyovaa suruali nyeupe ya mpaka rangi, na sauti ikisema, "Nani huyo? Toa mkono. Nimesema toa mkono." Jumamosi wanaosha ndege, wanakunja kamba ya winchi, mashine inayovuta ndege mpaka zipae, wanakunywa kahawa. Wakimaliza husimama kidogo kama watu waliosahau kitu nyumbani, halafu hufunga mlango mapema.

Sieglinde Rapp hakufa. Hilo lisemwe sasa hivi, maana watu wa uwandani, huku juu ya bonde, wakisikia mtu ametajwa kwa sauti ya chini huanza kutafuta nguo nyeusi.

Alizaliwa bondeni, binti wa fundi wa kubandika karatasi za ukutani. Alipotimiza miaka kumi na sita baba yake alimkabidhi ndoo ya gundi na brashi pana, bila hotuba. Akajifunza kazi ambayo ikifanywa vizuri hakuna anayeiona: ua la karatasi hii likutane na ua la karatasi ile, kiungo kipotee, kona isivimbe. Akajifunza pia kwamba hakuna ukuta ulionyooka duniani. "Mchoro wa nyumba ni ndoto ya mwenye nyumba," baba yake alikuwa akimwambia. "Wewe bandika kwenye ukuta uliopo." Akawa mtu wa kuutazama ukuta kwa jicho moja, shavu likiugusa, kama anayesikiliza jirani. Tabia hiyo haikumfanya apendwe na waume. Alikuwa na mmoja, kwa miaka minne, na hata yeye alitazamwa hivyo.

Akiwa na miaka ishirini na mbili alipanda uwandani kuandika jina la klabu kwenye ukuta wa banda la ndege. Kazi ya siku mbili. Siku ya pili jioni walimtia kwenye ndege isiyo na injini, kiti cha mbele, winchi ikaivuta, kamba ikaachia, na Sieglinde akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia juu ya ngazi yoyote: hewa ikipita bila kulazimishwa. Mwaka uliofuata akaruka peke yake, akashuka, wanachama wote wakapanga foleni kumpiga makofi ya makalio kama ilivyo desturi, wakampa shada la mbigili alishike kwa mikono mitupu. Alilishika. Hakurudi tena bondeni ila kwa kazi na kulala.

Klabu ilikuwa na ndege sita, lakini moyo wake ulikwenda kwa moja, ya kiti kimoja, nyeupe, yenye namba 47 kwenye mkia. Wote waliiita Arobaini na Saba. Ilitengenezwa kwa mikono, kitambaa cha nyuzi za kioo na gundi, mwaka ule ambao viwanda vidogo vya bondeni vilikuwa vikitoa ndege mbili kwa mwezi. Bawa lake lilikuwa laini kama yai. Na hapo ndipo ulipo ugumu ambao Sieglinde alitumia nusu ya maisha yake kuueleza kwa watu waliokuwa wakitazama saa.

Hewa ikipita chini ya bawa laini hutambaa kwa nidhamu, tabaka juu ya tabaka, na huo ndio mwendo unaovuta nyuma kidogo kuliko yote. Lakini nidhamu huchoka. Ikikaribia ukingo wa nyuma, hewa hupungukiwa nguvu, hujibandua kwenye bawa, hujikunja, hufanya kiputo kirefu kilicholala pale kama mlevi mlangoni. Na kiputo hicho ndege hukiburuta siku nzima bila rubani kujua. Dawa yake ni utepe mwembamba, unene wa nusu milimita, uliokatwa meno kama msumeno. Unaubandika mbele kidogo ya mahali ambapo hewa ingechoka. Hewa ikigonga yale meno hushtuka, huvurugika, hushikamana na bawa mpaka mwisho. Unaongeza ukwaruzo ili upunguze uzito wa kuvuta. Ukiuweka mbele mno, umeiharibu hewa iliyokuwa bado na adabu. Ukiuweka nyuma mno, umebandika utepe ndani ya kiputo chenyewe, na utepe ndani ya kiputo ni pambo tu.

Kwa hiyo swali lote ni wapi. Kiwanda kilitoa mchoro: sentimita kadhaa kutoka ukingo wa nyuma, mstari ulionyooka. Sieglinde alilaza shavu kwenye bawa la Arobaini na Saba, akafumba jicho moja, akasema, "Huu ni ukuta." Miaka mitatu alitafuta. Mwisho akajua kwamba bawa la kushoto linataka utepe vidole viwili mbele ya mchoro, na la kulia linataka kimoja nyuma karibu na mwili, kisha mbele, kisha nyuma tena. Akaweka alama za penseli, misalaba midogo kumi na mmoja kila upande, na kila majira ya baridi akabandua utepe uliochakaa na kubandika mpya juu ya misalaba ileile, akiupasha joto kwa mashine ya kukaushia nywele. Arobaini na Saba ikawa ndege ambayo watu wa uwandani walirudi nayo nyumbani jua likiwa limezama, wakijisifu kwamba wao ni marubani.

Sasa, kwetu uwandani kila mwanachama hudaiwa saa arobaini za kazi za mikono kila majira ya baridi, kabla Machi haijaisha. Daktari, mwanasheria, fundi bomba, wote. Asiyetimiza hafukuzwi, hutazamwa tu, na kutazamwa na watu wa uwandani ni kubaya kuliko kufukuzwa. Ndiyo maana wiki ya mwisho ya Machi huwa ya hatari. Watu wazima wenye shahada huonekana wakizunguka banda wakitafuta cha kufanya, kwa macho ya paka mwenye njaa.

Mwaka jana, tarehe thelathini Machi, Sieglinde aliingia karakana akakuta Arobaini na Saba inang'aa hata inatisha. Akalala chini ya bawa la kushoto. Akakaa huko muda. Halafu akaita.

"Gernot. Njoo hapa."

Gernot Haug ni daktari wa meno, mtu mwema, mwenye mikono safi na vicheko vya haraka. "Nimevaa suruali mpya," akasema.

"Njoo chini, Daktari."

Akapiga magoti.

"Alama zangu ziko wapi?"

"Alama gani?"

"Misalaba. Ya penseli. Kumi na mmoja."

"Aa, ile michirizi! Nimeitoa. Ilikuwa michafu kweli. Nimepitisha mashine ya kung'arishia, halafu nta ngumu, ile ya mashua, mara tatu. Hebu jitazame, unaona mpaka kope zako."

"Sina haja na kope zangu. Na utepe?"

"Mpya! Ule wako, usinikasirikie, ulikuwa unapinda kama njia ya ng'ombe. Nimechukua mchoro wa kiwanda, nimepima kwa rula ya chuma. Sasa umenyooka kama reli."

"Ulipinda kwa sababu bawa limepinda."

"Bawa halijapinda, Sieglinde. Limetoka kiwandani."

"Limetoka mikononi mwa watu waliokuwa wanataka kwenda kula." Alijitoa chini ya bawa, nywele zimejaa vumbi la kung'arishia. "Kijiji kizima kinakungoja bondeni ukang'oe meno, wewe umekuja kuyang'oa ya kwangu. Kwa nini lakini? Nani alikutuma?"

Gernot akainamisha kichwa. "Zilinibaki saa sita."

"Saa sita."

"Na kila kitu kilikuwa kimeshafanywa. Hata choo kilikuwa kimepakwa rangi mara mbili."

"Ungekipaka ya tatu, mwanangu. Ungekipaka ya tatu."

Msimu ukaanza. Arobaini na Saba iliruka kama mtu aliyevaa koti lililolowa. Ilivuta kidogo upande wa kushoto, ikapoteza kimo bila sababu, na mahali ambapo zamani ilivuka bonde ikiwa na akiba, sasa iliwafanya marubani waanze kutazama mashamba. Jutta Bühl, anayerusha ndege yenye injini inayozivuta nyingine angani, na ambaye hasemi uongo hata akiulizwa umri, alitua na Arobaini na Saba katikati ya shamba la viazi mwezi wa Mei. Mwingine akatua kwenye malisho, kati ya kondoo. Mwingine tena shambani mwa mtu aliyekwisha kugombana na klabu.

Wakati huo ndipo neno "kuuza" lilipoanza kutembea. Mwenyekiti, Eberhard Maute, alikuwa wa kwanza kulisema, akila mkate wa bretzeli wenye siagi, kama mtu anayesema kwamba mvua itanyesha. Ndege imezeeka. Rangi imechoka. Iuzwe kwa bei yoyote, mkutano wa wanachama uamue Julai.

Sieglinde alimfuata mpaka kwenye gari lake.

"Haijazeeka. Ni utepe."

"Sieglinde, dada yangu. Utepe wa nusu milimita."

"Ndiyo."

"Mimi nimefundisha fizikia miaka thelathini na moja."

"Najua. Mpwa wangu alikuwa darasani kwako. Alilala vizuri sana."

Eberhard hakukasirika, hakuwahi kukasirika, na hilo ndilo lililomchosha Sieglinde kuliko yote. Ungeweza kugombana na ukuta na ukuta ukatoa vumbi angalau. Eberhard alitabasamu, akafunga mkanda. "Ndege ikishuka mapema, tunamuuliza rubani, tunauliza umri wa ndege. Hatuulizi stika."

"Si stika!"

"Nionyeshe basi. Una mpaka Julai. Ila kwa macho, tafadhali. Usinionyeshe kwa sauti."

Asiyejua maana haambiwi maana, baba yake angesema, akachukua brashi yake akaenda zake. Lakini Sieglinde hakuwa na pa kwenda. Ndani ya ndege ile mlikuwa na masaa yake yote mazuri. Hakuwa na watoto, nyumba ilikuwa ya kupanga, kazi yake ilifunikwa na karatasi za watu wengine kila baada ya miaka kumi. Mstari ule uliopinda chini ya bawa ulikuwa kitu pekee alichokijua ambacho hakuna mwingine duniani aliyekijua, na sasa hata yeye hakuwa nao, maana nani hukariri misalaba ishirini na miwili? Alikuwa ameiamini penseli.

Ikabidi atafute upya. Njia ni ya zamani, na ni chafu. Unachukua oili iliyotumika, nyeusi, unaipaka chini ya bawa kabla ya alfajiri kuamka na upepo wake. Unavutwa juu, unaruka kwa mwendo mmoja dakika nane hivi, unashuka. Hewa yenyewe inaandika. Palipo na nidhamu oili huchora michirizi myembamba. Palipo na kiputo oili husimama, hujikusanya, hufanya mstari mnene kama wanja. Jutta akakubali kumvuta. Oili wakaitoa kwenye injini ya winchi.

Asubuhi ya kwanza Sieglinde alipaka oili, na oili ikakataa kupakika. Ikajikusanya matone matone, ikateleza, ikadondokea usoni kwake. Nta. Nta ngumu ya mashua, mara tatu.

Jutta alikuwa amesimama pale na taulo, anajizuia asicheke. "Labda kwa mashua ni nzuri," akasema.

"Mpigie simu Gernot."

"Ni saa kumi na moja alfajiri."

"Ndiyo maana nasema mpigie wewe. Mimi nikimpigia, mke wake atadhani kuna mtu amekufa."

Gernot alikuja na spiriti lita tano na vitambaa vya kliniki yake, na hakutoa udhuru. Wakasugua. Mita kumi na tano za mabawa, pande zote mbili, nta iliyopakwa kwa saa sita ikatoka kwa siku tatu. Kila walipodhani imekwisha, Sieglinde alidondosha tone la oili, wakalitazama wote watatu. Tone likasimama kama jicho la samaki.

"Bado," Sieglinde akasema.

"Nilifanya kazi nzuri," akasema Gernot kwa uchungu.

"Ulifanya kazi nzuri sana. Mungu akupunguzie bidii."

Halafu mvua ikanyesha siku tisa. Halafu winchi ikaharibika na watu wote wakataka ndege ya Jutta iwavute. Halafu ikagundulika kwamba kiti cha Arobaini na Saba kimefungiwa nyumbani kwa mwanachama aliyekichukua kukishona, akaenda likizo Italia na ufunguo wa nyumba. Sieglinde alimsubiri siku sita. Akabandika karatasi katika vyumba viwili vya shule ya bondeni huku akipiga simu kila saa, mpaka gundi ikamkaukia kwenye brashi, jambo ambalo halikuwahi kumtokea tangu ana miaka kumi na saba. Juni ilikuwa inaisha.

Walipopaa mwishowe, ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, ukungu umelala bondeni kama maziwa kwenye bakuli. Jutta akamvuta mpaka mita elfu moja na mia mbili akamwacha. Sieglinde akaushika mwendo ule mmoja, hakugusa kitu, hakukohoa. Chini kulikuwa na mji wake wote: paa la kiwanda cha mbao, kanisa, reli, vyumba ambavyo mikono yake ilipita. Alijua kwamba wakati ule ule, chini ya bawa asipoweza kuona, hewa inaandika, na kwamba mwandiko huo hautajali miaka yake wala hasira zake. Utasema utakachosema.

Aliposhuka hakungoja mtu. Alitambaa chini ya bawa akiwa bado na mkanda wa parachuti.

Mstari mweusi ulikuwepo. Upande wa kushoto ulianza vidole viwili kabla ya utepe wa Gernot na ukapita juu yake bila kuujali. Utepe umelala ndani ya kiputo, umenyooka, hauna kazi. Upande wa kulia utepe ulikuwa mbele mno karibu na mwili, unaivuruga hewa iliyokuwa salama. Na mstari wa oili ulipinda. Ulipinda kama njia ya ng'ombe.

Gernot alilala ubavu wake kwenye nyasi zenye umande, suruali mpya na yote. Alitazama muda mrefu.

"Kama ufizi," akasema. "Hakuna wawili wanaofanana. Kila siku nawaambia wasaidizi wangu wa kliniki hivyo. Kila siku."

"Shika rula," Sieglinde akasema. "Hapana, si ya chuma. Itupe hiyo."

Alipiga misalaba ishirini na miwili, safari hii kwa wino usiofutika. Akabandika. Hakuna cha kusimulia kuhusu kubandika isipokuwa kwamba ilichukua siku nzima, kwamba mashine ya nywele iliunguza fyuzi mara mbili, na kwamba ulipokwisha, utepe haukuonekana kubandikwa; ilionekana kama bawa lilizaliwa nao.

Lakini Eberhard alitaka kuona kwa macho, na oili kwake ilikuwa uchafu. Basi Sieglinde akafanya jambo alilolijutia baadaye zaidi ya yote, ingawa siku ile lilimjia kama akili. Alipiga simu ng'ambo ya bonde, klabu ya Wolfsteig, wana ndege ya aina ileile, ya mwaka uleule. Mwenyekiti wao, Reinhold Schick, mtu mnene wa sauti ya taratibu, akaja Jumamosi na ndege yao kwenye tela.

Walipimana kama tunavyopimana uwandani. Ndege mbili zinavutwa mpaka kimo kimoja, zinawekwa bega kwa bega, mwendo mmoja, mbele moja kwa moja, hakuna kugeuka. Sieglinde, kwa kuwa ni mwembamba, aliongezewa mifuko ya mchanga ili uzito ulingane na wa Reinhold. Klabu nzima ilitoka kutazama, na Eberhard alileta darubini yake ya kutazamia ndege wa porini. Dakika ya tatu zilikuwa sawa. Dakika ya sita Reinhold alikuwa chini kidogo. Dakika ya kumi na mbili Sieglinde alikuwa juu yake kwa urefu wa mnara wa kanisa, bila kufanya lolote, mikono imelala mapajani.

Eberhard alishusha darubini. "Ajabu," akasema. "Kweli ajabu." Akamshika Sieglinde bega aliposhuka, na alikuwa anamaanisha. "Nilikosea. Nasema mbele ya wote. Nilikosea."

Jioni ile Sieglinde alikula sahani mbili za dengu na tambi za mayai, akacheka na Gernot, akalala kama mtoto.

Mkutano ulifanyika Ijumaa ya pili ya Julai, chumba cha nyuma cha mkahawa. Eberhard alisimama na karatasi mkononi. Alieleza habari ya utepe vizuri kuliko Sieglinde alivyowahi kuieleza, akamshukuru, watu wakagonga meza kwa ngumi kama tunavyofanya tukimsifu mtu. Halafu akasema kwamba Wolfsteig wameomba kuinunua. Kwamba mwezi uliopita ndege ile isingepata hata nusu ya bei hii, na leo, kwa kazi ya Sieglinde, inatosha kuanzia ndege mpya ya viti viwili, ya kufundishia vijana. Kwamba nafasi kama hii hairudi.

Sieglinde hakuelewa mara moja. Alimtazama Eberhard kwa jicho moja, kama ukuta.

"Mlitaka kuiuza kwa sababu ilikuwa mbovu," akasema.

"Ndiyo."

"Nimewaonyesha si mbovu."

"Umetuonyesha vizuri mno."

"Kwa hiyo mnaiuza kwa sababu ni nzima."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akaacha.

"Usiyachukulie moyoni, Sieglinde," Eberhard akasema kwa upole wake usiovunjika. "Ni klabu. Tunafikiria mbele."

"Mngeniambia," akasema. "Mngeniambia tu, ningeuacha utepe wa daktari mahali pake. Ndege ingeshuka viazini mpaka kiama na hakuna ambaye angeitaka!" Sauti yake ilipanda, ikafika mahali ilipokuwa ikifika kila Jumamosi, na wanachama wakainamisha macho kwenye sahani, wamezoea. Hapo alinyamaza ghafla. Aliona kwamba wanasubiri tu amalize. Miaka thelathini na nane walikuwa wanasubiri amalize.

Mikono ikainuliwa. Ishirini na moja kuuza. Wasiokubali walikuwa wanne: Sieglinde, Jutta, mzee mmoja ambaye hukataa kila kitu, na Gernot Haug, aliyeinua mkono wake juu kabisa kama mwanafunzi anayejua jibu.

Walikuja kuichukua mwanzoni mwa Septemba. Mabawa yakachomolewa, yakafungwa kwenye tela, mwili ukasukumwa ndani. Sieglinde alisema atakwenda nayo kuhakikisha hawaigongi njiani, akaketi mbele kwa Reinhold, ndoo ya vifaa vyake kati ya miguu. Barabara inashuka kwa kona nyingi, na kila kona Sieglinde aligeuka kutazama tela.

"Nikuulize," Reinhold akasema mwisho. "Ule utepe hudumu muda gani?"

"Misimu miwili. Kama hamtaugusa."

"Tutaugusa. Nakujulisha mapema. Watu wangu hawawezi kuona kitu wasikiguse."

"Na nyinyi mna saa arobaini?"

"Hamsini."

Sieglinde akafumba macho. "Mungu wangu," akasema. "Hamsini."

"Na ile ndege yetu nyingine, uliyoishinda," Reinhold akaendelea, taratibu, macho barabarani. "Hatujawahi kujua mstari wake. Tulifuata mchoro."

"Bila shaka mlifuata mchoro."

"Bawa lake la kulia, mimi naona..."

"Huoni kitu. Hakuna anayeona kitu kwa kuona." Alikuwa amekasirika tena, na hasira ilimkaa vizuri. "Mmelipaka nta?"

Reinhold alibadilisha gia. "Kidogo," akasema.

"Simamisha gari nishuke."

Hakusimamisha, naye hakushuka. Walipofika Wolfsteig alisaidia kuunganisha mabawa, akakataa keki ya tufaha, akaomba fomu ya uanachama. Akaijaza akiwa amesimama, kwa kalamu ya wino usiofutika, akamuuliza Reinhold spiriti yao inawekwa wapi.

Dürrenhau walimwandikia mara mbili. Barua ya kwanza ilikuwa ya Eberhard, ya kumshukuru. Ya pili ilimuuliza utepe wa ndege ya kufundishia, ambayo haijafika bado, unapaswa kukaa wapi. Alijibu ya pili: alisema hawezi kujua mpaka ailalie chini, na kwamba kwa sasa hana nafasi.

Sieglinde Rapp ni mwanachama wa klabu ya Wolfsteig, kilomita kumi na tisa kwa barabara. Karakana yao iko nyuma ya kituo cha zimamoto, mlango wa pili. Yuko huko Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi, na Jumatano jioni.